Mwiba Nilioutoa Chupani

Nyinyi vijana mnaosomea uuguzi mkija kunijulia hali huwa mna swali moja tu: Babu, uliona magonjwa gani makubwa enzi zako? Nyuso zenu zinasubiri nitaje ndui au tauni. Samahani, wajukuu zangu. Miaka yangu pale Likoni, kabla ya Uhuru, niliimaliza zaidi nikitoa vitu ambavyo havikupewa ruhusa ya kuingia kwenye mwili wa mtu. Miiba, ndoana, vipande vya chupa, vibanzi vya mti, sindano za cherehani. Mara moja nilitoa jino la mtu mwingine, lililokuwa limekwama kwenye ngumi ya bwana mmoja aliyeshikilia mpaka mwisho kwamba alianguka ngazini.

Kazi yangu iliitwa udresa. Dresa husafisha vidonda, hufunga bendeji, huchemsha sindano, na daktari asipokuwepo yeye ndiye huitwa daktari. Daktari wetu alivuka kutoka kisiwani kila Jumatatu. Siku nyingine zote, ukishuka feri ukapanda kile kilima na kuingia kwenye jengo la mabati lenye vyumba viwili, ulinikuta mimi na Bwana Yona.

Bwana Yona alikuwa Mrabai, Mkristo wa kanisani hasa, na akikamua jipu alikuwa akiimba nyimbo za ibada kwa sauti ya chini. Wagonjwa wetu wengi walikuwa Waislamu, na baada ya miaka wengine walizijua zile nyimbo kuliko waumini wake. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Ndiye aliyenifundisha kila kitu, na hakuwahi kuniambia nimefanya vizuri. Siku nikifanya vizuri alinyamaza, nami nikajua.

Sasa sikilizeni, maana hili hamtalipata vizuri vitabuni. Kitu kigeni kikiingia kwenye nyama, mwili hauketi tu ukikitazama. Una njia tatu. Ya kwanza ni kukisukuma nje: panavimba, panakuwa pekundu na moto, usaha unajikusanya, na usaha huo unatafuta mlango ili utoke na mgeni wake. Ya pili ni kukijengea ukuta. Mwili unakizungushia nyama ngumu, unakifungia humo, kisha unaendelea na shughuli zake. Ya tatu ni kukila, yaani kukimumunya kidogo kidogo mpaka kiishe.

Njia ipi itafuatwa, inategemea kitu chenyewe. Chuma safi na kioo havina ugomvi mkubwa. Palikuwa na mzee wa Mtongwe aliyewahi kuwabebea wanajeshi mizigo katika vita vya Wajerumani, na begani alikuwa na kipande cha chuma alichorudi nacho kutoka Tanganyika. Kilikuwa kikicheza chini ya ngozi ukikibonyeza. Nilikuwa mgeni kazini, nikamwambia, "Baba, nikutolee?" Akaniangalia kwa masikitiko. "Mwanangu, huyu nimekaa naye miaka arubaini. Mke wangu wa kwanza sikukaa naye hata mitatu."

Ule mwiba mweusi wa yule mnyama wa mwambani, anayeonekana kama mpira wa sindano, ni habari nyingine. Ni mwepesi wa kuvunjika, ukiushika na kibanio unakuwa unga. Mwalimu mmoja kutoka bara alikanyaga mnyama huyo siku yake ya kwanza kuoga baharini, akaletwa kwangu akichechemea. Nikakaa na kisu na kibanio, nikachimba unyayo ule nusu saa nzima, jasho likinitiririka, na yeye akiwataja watakatifu wote anaowajua. Bwana Yona akapita, akachungulia, akauliza, "Unapanda muhogo?" Kisha akaleta beseni la maji ya moto yenye siki, akatia mguu wa mwalimu humo, akaenda zake. Baada ya siku chache vile vidoa vyeusi vikaisha vyenyewe, maana mwili ulikuwa umevila. Kilichochelewa kupona ni shamba nililolima mimi.

Na ndoana, nadhani mnajua. Ina kile kijino kinachotazama nyuma, kwa hiyo ukiivuta ilikoingilia unachana nyama. Unaipitisha mbele mpaka kijino kitokeze upande wa pili, unakikata kwa koleo, halafu inarudi yenyewe kwa upole. Wavuvi walikuwa wanalijua hilo kabla ya mimi kuzaliwa. Walikuja kwetu kwa ajili ya sindano ya pepopunda tu, na kwa kuwa mkono wa pili unakataa kumkata mwenziwe.

Mbaya kuliko vyote ni mti. Mti hauliki, haukai kimya, na unaoza humo humo ndani. Mwili unaujengea ukuta, lakini ukuta wenyewe unavuja. Kwa hiyo kidonda kinafunga, mgonjwa anafurahi, baada ya wiki mbili kinafunguka, kinatoa usaha, kinafunga tena. Mlangoni pake panaota kijinyama chekundu kinachotoka damu ukikigusa tu. Ukiona hivyo, acha kubadilisha dawa. Kuna kitu ndani, kitafute. Siku hizi mna mashine za kuangalia mpaka kibanzi cha mti. Sisi tulikuwa na picha ya eksirei ya kule hospitali ya kisiwani, na picha ile ilionyesha chuma, ikaonyesha mfupa, lakini mti iliupita bila kuuona.

Nilikuwa nayajua yote hayo. Nawaambia hivyo makusudi, msije mkadhani nilikosea kwa kutojua.

Pale kwetu palikuwa na desturi moja. Kitu kilichotoka mwilini mwa mtu, lazima mwenyewe akione, na lazima aende nacho. Anakifunga kwenye karatasi au kwenye ncha ya kanga, anakwenda kukizika mahali pake, asije mwenye kijicho akakipata akakifanyia mambo. Mtu asiyeonyeshwa kitu alirudi nyumbani bado mgonjwa, hata kama nyama yake imeshapona. Tena tulikuwa na mshindani. Mzee Kombo, mpiga chuku, alikuwa na kibaraza chake njia ya Mtongwe. Alichanja kidogo, akabandika pembe yake, akafyonza damu chafu, na mwisho wa kazi alitema kitu mkononi: mwiba, unywele, kijiti. Hakuna aliyetoka kwa Mzee Kombo mikono mitupu.

Mimi nilikuwa na chupa. Ndani yake, kwenye spiriti, nilitunza miiba ambayo wenyewe hawakuitaka, mingi ya watu wa bara wasiojali desturi zetu. Bwana Yona alidhani ni ya kujifunzia. Siku moja akaja mchuuzi wa samaki, mguu wake ninausafisha mara ya tatu, hamna kitu, naye hataki kuondoka. Nikageukia meza, nikachukua mwiba mmoja chupani kwa kibanio, nikauchovya kwenye damu yake, nikamwonyesha. Yule bwana alisimama akatembea kama bwana harusi. Nikajiona mjanja sana. Nikafanya tena, nafikiri mara tano au sita.

Ndipo akaja Bi Mwanasha.

Alikuwa mjane, mtu wa makamo, mshona makuti. Nusu ya mapaa ya upande ule yalipita mikononi mwake. Mkono wa kulia, kwenye ile nyama nono chini ya kidole gumba, palikuwa na kitobo na uvimbe. "Nalihisi kitu kimenichoma," akasema, "sikuona ni mwiba sikuona ni nini." Nikampiga ganzi, nikapekua kwenda juu, upande wa kidole, nikapekua tena. Sikupata kitu. Nje benchi limejaa, mabati yanawaka jua, na mama yule ananitazama mikono, hapepesi. Nikageukia meza.

"Alhamdulillahi," akasema alipouona. Akaufunga kwenye ncha ya kanga yake, akaniombea dua ndefu mimi na wazazi wangu. Kwenye kadi yake nikaandika: Mwiba umetolewa.

Kidonda kikafunga. Kikafunguka. Mara ya kwanza kufunguka hakurudi kwetu, na kwa nini arudi? Mwiba umeshatoka, ameuona mwenyewe, ameuzika mwenyewe. Kwa hiyo hili lilikuwa jambo lingine, la kijicho pengine, na majirani wakamtajia majina. Mara ya tatu akavuka feri kwenda kisiwani. Daktari wa huko, ambaye sikumjua wala hakunijua, akasoma kadi yangu: mwiba umetolewa. Akapiga picha ya mkono, haikuonyesha kitu. Sasa daktari mwenye akili timamu afikirie nini? Mwiba haumo, picha haina kitu, usaha hauishi. Akaona ni mfupa umeingia ugonjwa, na usipozuiwa utapanda mkono mzima.

Jumanne moja Bi Mwanasha akaingia kwetu ameshika karatasi. Bwana Yona alikuwa amekwenda kuchukua dawa. Bi Mwanasha alisoma Kurani vizuri kabisa, lakini herufi zile za kizungu hakuzijua. "Nisomee, mwanangu," akasema.

Nikamsomea. Aende Alhamisi asubuhi, asile kitu, akakatwe kidole gumba cha mkono wa kulia.

Hakulia. Aliutazama mkono wake, akauliza, "Ukuti washonwaje bila gumba?" Nilikuwa na nafasi pale pale. Maneno yalikuwa machache tu. Nilimwambia, "Inshallah kheri," nikajifanya napanga chupa kabatini. Niliogopa kufukuzwa kazi, ndio, lakini zaidi niliogopa uso wa Bwana Yona. Akajifunga buibui lake akaenda. Wallahi, mpaka leo nikilikumbuka lile kabati naona haya.

Jumatano, bado nafungua madirisha, Mzee Kombo huyo anaegemeza baiskeli ukutani. Hakuwahi kukanyaga kwetu. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akavua kofia yake, akapangusa kichwa.

"Bi Mwanasha alikuja kwangu jana," akasema. "Anataka nimpige chuku, labda kidole kiokoke. Nikamshika mkono. Mna kitu mle."

"Nilimtolea mwiba," nikasema.

Akanitazama, akaitupia jicho ile chupa ya miiba kupitia mlangoni, kisha akacheka taratibu, cheko la mtu wa kazi moja nawe. "Kijana, mie na wewe tusidanganyane. Wewe umetoa cha chupani, mie nimezoea kutoa cha mdomoni. Sasa cha mkononi atakitoa nani?"

Akaniambia kwamba yeye kile anachotema ni cha kumtuliza mtu ambaye hana kitu ndani, na mwenye kitu ndani hamdanganyi, humwelekeza kwetu. "Ukitaka uongo wa kazi yangu, ujue na adabu yake," akasema, akavaa kofia yake akaondoka.

Nikaenda kwa Bwana Yona nikamwambia yote, chupa, mchuuzi, kadi, kabati. Aliivua miwani. Nilisubiri anitukane. Akasema tu, "Chukua baiskeli yangu. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze. Kisha umwombe aje."

Nilimkuta Bi Mwanasha uani kwake, ameketi kwenye mkeka, rundo la makuti mbele yake. Alikuwa amekikunja kile kidole gumba, namna ya kukibana ndani ya kiganja, akijaribu kushona kwa vidole vinne vilivyobaki. Ufito, kile kijiti kinachoshonewa makuti, ulikuwa unamponyoka. Anauokota, unamponyoka. Nilimwamkia shikamoo nikiwa bado nimeshika baiskeli, na nikayasema yote nimesimama hivyo hivyo, maana nilijua nikikaa nitapunguza.

Alipomaliza kunisikiliza aliuweka ufito chini. Kisha akauliza, "Basi mie nimezika mwiba wa nani?"

"Wa mkata kuni mmoja, mama. Mkamba."

"Nimeusomea na dua," akasema. "Mkamba huyo ajue kuombewa." Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Alisimama, akavaa buibui, akaniambia niongoze njia na nisipande baiskeli, nitembee mbele yake mahali anaponiona.

Bwana Yona hakuanza na kisu. Aliuloweka mkono kwenye maji ya moto yenye chumvi ya haluli, ivute usaha, na wakati unalowa akamwuliza swali ambalo mimi sikuwahi kuuliza: "Mama, ulipochomwa ulikuwa unafanya nini?"

"Nalikuwa nikishona."

Bwana Yona akanigeukia. "Mtu anayeshona makuti anachomwa na mwiba wa wapi?" Kisha akachukua ufagio wetu, akachomoa njiti, akampa pamoja na ukanda wa bendeji. "Fanya hii ndiyo ufito, hili ndilo jani. Shika kazi yako."

Bi Mwanasha akashika. Mshona makuti hukunja jani juu ya ufito, akalisukuma kwa gumba lishikane na la mwanzo, na akisukuma gumba linalala, nyama yake inageuka kuutazama ufito. Mkono ukiwa umelala mezani kwangu, tundu lilikuwa linaelekea juu. Mkono ukiwa kazini, tundu lile lile lilielekea chini, kwenye kifundo cha mkono. Kibanzi cha ufito kilikuwa kimeingia kwa nguvu zake mwenyewe, kikateleza kwenda upande ambao sikuugusa kabisa. Wajukuu zangu, kama mtasahau yote, hili msilisahau: usiutafute mwiba kwenye mkono uliolala. Mwambie mtu akuonyeshe alivyokuwa amekaa, alivyokuwa ameshika, na ndipo utafute.

"Macho yangu hayafai kwa kazi hii," Bwana Yona akasema. "Atakata huyu. Ukikataa, nitakuandikia barua uende kwa daktari mwingine."

Bi Mwanasha akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Akate," akasema. "Lakini kutoa nitatoa mwenyewe. Nimechoka kutolewa."

Bwana Yona akachoma ganzi kwenye shina la kidole. Nikakata pale gumba lilipoonyesha, upande wa kifundo. Mikono yangu ilikuwa imetulia, nashangaa mpaka leo. Kwanza usaha, kisha ule ukuta mgumu wa nyama ambao mwili ulikuwa umeujenga. Nilipoupasua, ikaonekana ncha nyeusi. Sikuigusa. Nikaweka kibanio kwenye mkono wake wa kushoto, Bwana Yona akamwelekeza vidole mahali pa kubana.

Alivuta polepole, meno ameyauma. Kilitoka kirefu kuliko njiti ya kibiriti, kimeoza ncha, kinanuka. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku, na nikaona machozi ambayo siku ya karatasi hakuyatoa.

Kidole hakikukatwa. Bwana Yona aliandika barua kisiwani siku ile ile, na Jumatatu nilimweleza daktari wetu mwenyewe, akanikemea kama nilivyostahili na akaninyima kisu kwa miezi mingi. Lile gumba lilibaki gumu kidogo kwenye kiungo, lakini mwaka wa Uhuru lilikuwa bado linashona, na lile banda walilokaa wazee siku ya sherehe paa lake ni kazi yake.

Lakini siku ile, kabla sijafunga bendeji, Bi Mwanasha alishikilia pamba kwenye kidonda akaitisha kadi yake. "Andika," akaniambia. Nikapiga mstari juu ya yale maneno ya kwanza, chini yake nikaandika: Mwiba wa kwanza haukuwa wake. Leo kimetolewa kibanzi cha mti. Amekitoa mwenyewe.

"Nisomee." Nikamsomea. Akataka nisome tena, nikasoma tena.

Kisha akainyakua kadi kwa mkono wake mzima, akatoka nayo mpaka kwenye benchi, alikokuwa ameketi mwalimu mmoja wa shule aliyekuja na sikio linalouma. Nikiwa ndani nilimsikia akimwamkia, akimwomba amsomee maandishi haya, taratibu. Mwalimu akasoma neno kwa neno. Halafu Bi Mwanasha akarudi ndani, akaketi mbele yangu, akaninyooshea mkono nimfunge.